Chumvi ya Kuomba

Juzi jirani yetu mzee hapa Kikwajuni alikutwa amekufa chumbani kwake, baada ya harufu kuwatoa watu majumbani. Msiba ulifurika mpaka njiani. Nikamkumbuka Bi Salma wa Mji Mkongwe, aliyekuwa akiishi peke yake ghorofani, mkabala na kwetu nilipokuwa mtoto.

Kila alasiri mama alinituma kwake kuomba chumvi. Nilisimama chini nikiita, naye akateremsha kikapu kwa kamba, kinanukia udi, na chumvi kidogo imefungwa kwenye karatasi. Nilidhani sisi ni mafukara.

Alasiri moja nikachoka. "Mama, mbona chumvi imejaa koponi?"

"Nshakwambia nenda."

Niliita mpaka sauti ikanikauka, na kikapu hakikushuka. Nilipomwambia mama, aliiacha nazi kwenye mbuzi, akakimbia bila viatu, mimi nyuma yake. Tulimkuta Bi Salma chini, kando ya kitanda, akikoroma. Mama alikipakata kichwa chake, akaanza kumsomea shahada sikioni, taratibu, neno kwa neno, kama mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Nikadhani Bi ameisahau, mama anamfundisha upya. Midomo yake ilimfuata mama mpaka mwisho, kisha ikatulia.

"Kashaijua?" niliuliza.

"Kashaijua, mwanangu."

Msibani juzi kila mtu alimsifu yule mzee, na wali ulipikwa wa kutosha mtaa mzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwomba chumvi.