Upande wa Kulia

Hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili naijua kuliko madaktari wake. Wao waliingia kwa mlango. Mimi niliingia kwa paa, kwa msingi na kwa shimo la choo. Shule niliacha darasa la tatu. Nilikuwa naishi Nyalenda, mtaa wa Kisumu, nikibeba mchanga kwa mgongo, na kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kukoroga simiti pale walipokuwa wakiongeza wodi ya wanawake.

Jengo la zamani ni la mawe, lilijengwa wakati wa Wazungu. Madirisha waliyaweka juu kabisa, mtu aone mwanga lakini asione njia. Nyuma kulikuwa na vyumba vidogo visivyo na dirisha, milango ya chuma, na kitundu cha kupitishia sahani. Aliyepiga kelele alifungiwa humo. Baadaye, nikiwa tayari kontrakta mwenye watu wangu, amri ikatoka vivunjwe. Nilivivunja mimi. Leo hapo pana ukumbi wa kushona na kusuka vikapu, na nje kuna shamba la sukuma wiki ambalo wagonjwa wanalima wenyewe. Dawa hutolewa kwa dirisha dogo karibu na geti.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa mle ndani. Ugonjwa ulimpeleka, sikatai. Lakini aliyemweka humo baada ya kupona ni mimi.

Kwetu ni karibu na Luanda Kotieno, pale feri ya Mbita inapotia nanga. Ndugu yangu alikuwa mvuvi. Siku moja aliacha nyavu ufukoni akaanza kubishana na watu ambao sisi hatukuwaona, na hakukoma mpaka tukamleta Kisumu. Miaka ikapita, mimi nikapata pesa, nikataka nyumba nyumbani.

Sasa, katika boma la Mjaluo, mtoto wa kwanza wa kiume hujenga upande wa kulia wa nyumba ya mama. Wa pili hujenga kushoto, na hajengi kabla ya mkubwa wake. Wazee waliniambia nisimamishe hata kibanda cha miti kwa niaba ya ndugu yangu, halafu nijenge kwangu. Lakini upande wangu ulikuwa mwamba mtupu, na upande wake udongo mzuri. Nikasema, huyo yuko hospitalini, atajua nini? Nikajenga kulia. Matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, mabati ya rangi nyekundu. Abiria wa feri walikuwa wakiionyesha kwa kidole, na mimi nilipenda waionyeshe.

Ndugu yangu akapata nafuu. Alinenepa, akanyoa ndevu, akawa ndiye anayegawa majembe shambani. Daktari, kijana kutoka mbali, akamwita na mimi nikiwepo, akamwambia anaweza kwenda nyumbani.

"Nyumbani upande gani?" ndugu yangu akauliza.

"Si upande wa Bondo huko? Ndugu yako atakupeleka."

"Barabara naijua. Nimeuliza upande gani."

Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa bado amechanganyikiwa, hajui kwao ni wapi. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, kofia juu ya goti. Nilijua anauliza nini. Mtu wa kwetu aliyekuja kliniki alikuwa amemwambia nimejenga wapi. Nikanyamaza. Kila alipoitwa tena aliuliza hilo hilo, nao wakaandika hilo hilo, na mimi nikarudi nyumbani kwangu mtaani Migosi kula chakula changu.

Halafu akaja sista mpya wa kusimamia wodi, mama mfupi asiyependa hadithi ndefu. Alinikuta nikibadilisha mfereji wa paa, akaniita nishuke.

"Mzee, ndugu yako tunamhamisha. Anaenda jengo la mawe."

Jengo lile sasa ni la wale wasio na kwao. Sakafu yake mpya niliimwaga mimi. Nimewaona watu wakiingia humo na nywele nyeusi, na sijamwona hata mmoja akitoka na begi lake mkononi.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Faili inasema hajui kwao. Wewe unajua anauliza upande wa nini?"

"Ni maneno ya ugonjwa tu, sista."

Ndugu yangu alikuwa karibu, anapalilia. Hakuinua kichwa.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "mwambie sista. Fundi wa vipimo ni wewe."

Nikamwambia. Yote, mpaka rangi ya mabati. Sista akafunga faili.

"Kumbe mwenye akili hapa alikuwa yeye."

"Mimi nawaambia kila siku," ndugu yangu akasema, "nyinyi mnaniongezea dawa."

"Sasa, Mzee, utafanya nini?" sista akaniuliza.

"Nitavunja."

Ndugu yangu akasimama, akaegemea jembe. "Utavunja nyumba ya matofali?"

"Nimevunja mawe ya Mzungu hapa hapa. Nitashindwa na matofali yangu?"

Sista alikubali kusubiri. Nilivunja mwenyewe, kwa nyundo yangu, bila kibarua, kwa sababu sikutaka mtu mwingine ashike kazi ile. Mke wangu alisema watu watacheka. Walicheka. Mabati niliyapanga vizuri, matofali nikayahesabu, nikasawazisha ardhi mpaka ikabaki kama haijawahi kuguswa. Ndipo nikaenda kumchukua.

Alifika, akatembea pale kulia kutoka pembe hadi pembe. Kisha akaomba mtaimbo, akachimba shimo la nguzo ya kwanza mwenyewe. Tulimjengea kwa matofali yale yale. Alipolala humo, ndipo mimi nilipoanza kuchonga mwamba wangu kushoto, na mwamba ule ulinitoa jasho la kisawasawa.

Kila mwezi anapanda gari kwenda kliniki, anachukua dawa zake dirishani, anamsalimia sista, anarudi. Nyumba yangu ilipofika kwenye linta, juu ya madirisha, alikuja na kiti chake, akaketi, akaitazama muda mrefu.

"Ukuta huu umepinda," akasema.

Nikamwambia mimi ni fundi tangu kabla yeye hajatoka hospitalini. Alipoondoka nilichukua timazi nikapima. Ulikuwa umepinda kweli. Niliubomoa kesho yake asubuhi, naye akanishikia uzi.