Sentensi ya Ziwa

Mimi ndiye niliyeanzisha kelele ya simu za mpakani. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi kuna watu wanaosimulia habari hii kana kwamba ilianzia Migori. Haikuanzia Migori. Ilianzia kwetu, ziwani, upande wa Homa Bay, siku injini ya mashua ya binamu yangu ilipozima mbali na nchi kavu. Alipiga namba ya dharura. Simu yake ilikuwa imeshika mnara wa nchi jirani, kama simu zote zinavyofanya zikifika kule, na sauti iliyorekodiwa ikamwambia huduma hiyo haipatikani. Akapiga tena, akaambiwa yale yale. Waliomvuta hadi ufuoni ni wavuvi wenzake waliopita kwa bahati tu, naye alirudi na homa na hasira, akaniuliza kazi yangu ni ya nini hasa.

Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, katika shirika dogo la haki za mawasiliano lenye ofisi pale Rangwe, juu ya duka la mbolea. Niliichukua hasira yake nikaifanyia kazi. Niliandikia wizara. Nilikaa kwenye semina za sera za dijitali ambako chai ni nyingi na majibu hayapo. Niliambiwa na ofisa mmoja kwamba mawimbi ya simu hayajui mpaka, nikamjibu kwamba bili inaujua vizuri sana. Mwishowe nilipata sentensi yangu moja, ambayo naikumbuka kama wengine wanavyokumbuka Baba Yetu: kwamba mtu aliye ziwani akipiga simu ya dharura, ipokelewe naye aokolewe, hata kama simu imeshika mtandao wa nchi nyingine.

Hapo ndipo alipoingia mwenzangu wa Migori.

Alikuwa Mkuria, mwalimu wa kompyuta, mzaliwa wa kijiji kinachogusa Tanzania. Shida yake ilikuwa ya nchi kavu. Nyumbani kwa mama yake simu hushika mtandao wa Tanzania jikoni, sebuleni na hata kitandani, kwa hiyo mama huyo hutozwa kama msafiri wa nchi za nje ilhali hajatoka nje ya boma lake. Naye alikuwa na sentensi yake: kwamba watu wa mpakani wasihesabiwe wasafiri wakiwa ndani ya nyumba zao. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka, kisha nikakasirika kwamba ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Nilimpenda, siwezi kukana. Nilimfundisha mwenyewe mambo ya rasimu. Nilimwonyesha kwamba katika karatasi za wanadiplomasia, sentensi ambayo bado kuna nchi inayoikataa huwekwa ndani ya mabano, na ikikaa kwenye mabano hadi siku ya mwisho, kwa kawaida huchinjwa. Aliandika yote. Baada ya miezi michache alikuwa anayaeleza mabano mbele ya watu vizuri kuliko mimi, na watu wanacheka, na maofisa wanaomba namba yake. Mimi maofisa walinisalimia kwa kuniita "dada wa ziwa" kwa sababu walikuwa wamesahau jina langu. Mume wangu aliwahi kumsikia redioni akasema, "Huyu anaongea vizuri." Nilimpakulia ugali.

Wivu wangu haukuwa wa kuombea mtu mabaya. Ulikuwa wivu wa mikayi, mke wa kwanza. Katika boma la kwetu mikayi ndiye hupanda mbegu kwanza, ndipo wake wengine waguse jembe. Mimi nilikuwa mikayi wa shughuli hii, na nilitaka hilo lionekane.

Halafu ukaja mkutano wa Addis. Ulikuwa mkutano mkubwa wa bara kuhusu uendeshaji wa intaneti, serikali na wananchi pamoja, na mwisho wake ungetoka na tamko. Tamko si sheria, lakini wizara iliyokataa kunijibu kwa miaka isingeweza kulikataa tamko ambalo imelitia sahihi. Kundi letu, la watu wa kaunti za ziwa na mpaka, lilipewa kiti kimoja. Mratibu wetu, kijana wa Nairobi mwenye heshima zake, akatuma barua pepe kwa kundi zima. Aliandika kwamba amependekeza mwenzangu wa Migori, na kwamba kama hakutakuwa na pingamizi hadi Ijumaa, atachukulia tumekubaliana.

Nilisoma barua hiyo nikiwa Ndhiwa sokoni, nikiwa nimeshika kabeji. Niliirudisha kabeji.

Sasa, nielewe. Kwetu, watu wakikaa kupanga mazishi au mahari, mtu mzima akinyamaza, hiyo ni habari. Kikao hakiendelei. Mtu atasema, "Huyu mama hajasema kitu, ana neno," na wote watageuka, na atabembelezwa, atakataa kidogo, atabembelezwa tena, ndipo atoe lililo moyoni. Hakuna mtu mwenye adabu anayejipendekeza mwenyewe. Unanyamaza, na kunyamaza kwako kunakupigania. Kwa hiyo nilinyamaza. Wengine waliandika pongezi, na mimi nilinyamaza kwa nguvu zangu zote. Nilifungua barua pepe kila nikipumua, nikingoja mtu mmoja tu aulize mbona nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa kama wanavyoniita, hajasema kitu.

Ijumaa jioni mratibu akaandika: "Kwa kuwa hakuna aliyepinga, tumekubaliana sote. Asanteni."

Niliisoma mara nyingi. Baadaye nilijifunza kwamba ndivyo watu wa intaneti wanavyoamua mambo yao duniani kote, kwamba kwao aliyenyamaza amekubali. Hakuna aliyenionya, na mimi ni mtu wa sera. Nilikuwa nimesema hapana kwa sauti kubwa kuliko wote, na hapana yangu ikahesabiwa kuwa kura ya mwenzangu.

Alipoondoka alituma picha akiwa uwanja wa ndege, kitambaa shingoni, kitambulisho cha mkutano kifuani. Niliikuza picha hiyo hadi nikasoma jina kwenye kitambulisho. Lilikuwa lake kweli.

Siku ya mwisho ya mkutano nilitazama matangazo ya moja kwa moja ofisini Rangwe, peke yangu, mlango nimeufunga. Rasimu ilikuwa kwenye skrini kubwa nyuma ya wajumbe, na sentensi zetu mbili zilikuwa bado ndani ya mabano, moja juu ya nyingine. Mjumbe wa nchi moja alisema tamko limekuwa refu, na kwamba mambo ya mpakani yanatosha sentensi moja. Mwenyekiti akamgeukia mwenzangu. Nilimwona akiinama kwenye kipaza sauti, kisha picha ikaganda mdomo wake ukiwa wazi. Nilipiga meza. Mtandao uliporudi, sentensi ya nchi kavu haikuwepo. Ya ziwa ilikuwa imetolewa kwenye mabano, imekubaliwa.

Nitasema nilivyohisi. Kwanza nilifurahi kwa ajili ya ziwa. Pili, na hii haikuchelewa, nilifurahi kwamba ameshindwa kuilinda yake. Nilijiambia kwamba mtu wa kucheka na maofisa hawezi kupigana mwisho. Mimi ningezitoa zote mbili kwenye mabano. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mwepesi, na njiani nikanunua samaki.

Aliporudi tulikutana Rongo, ambako ni katikati ya kwake na kwangu, katika hoteli ya karibu na stendi. Aliniletea kahawa ya huko. Alikuwa amekonda. Nilimpa pole ya sentensi yake, pole ya mdomoni, nikamuuliza kwa nini hakubishana zaidi.

"Hakukuwa na kubishana," alisema. "Mwenyekiti aliniuliza ipi ibaki. Nikamwambia ya ziwa."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Ulichagua wewe?"

"Mimi."

"Na mama yako?"

"Mama nimemwambia. Amenuna, ataacha." Alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Nyar Ndhiwa, si ulinyamaza? Ile barua ya mratibu, watu wote waliandika, wewe hapana. Nilingoja jina lako mpaka Ijumaa. Wao walisema umekubali. Mimi ni mtu wa huku, dada. Nilijua umekataa."

"Na bado ukaenda."

"Nilitaka kwenda," alisema, bila aibu yoyote. "Nilitaka sana, hata zaidi yako. Lakini sasa mtu amekukatalia, umeenda hivyo hivyo, halafu urudi umefuta kitu chake ukabakisha chako? Ningekuangalia na macho gani?"

Kwa hiyo kati ya watu wote wa kundi lile, aliyekisikia kimya changu ni yeye, na alikisikia akiwa anafunga mizigo. Nilitafuta hasira yangu ya miezi yote ile nikaikuta ipo, nzima, ila haikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nimemwonea wivu wa safari, wa kicheko, wa kitambulisho kile kifuani, na sasa kulikuwa na kingine kikubwa zaidi. Ningekuwa mimi kule Addis, ningeifuta sentensi ya mama yake bila kupepesa jicho, na usiku ule ningelala fofofo.

Nilimwambia asante. Hata hiyo asante niliitoa nikimwonea wivu.