Mguu Ulivunjika, Tumbo Likafunga

Mimi ni mtu wa Kishapu. Nyumbani tunalima pamba, lakini mvua zikisuasua wengi tunakwenda Geita kuchimba dhahabu. Nilikuwa na nguvu zangu. Nilikuwa nateremka shimoni kwa kamba, napandisha mawe mgongoni, jioni nakula ugali wa kushiba. Kulazwa sikuwahi. Choo nacho sikuwahi kukiwaza. Nani hukaa akawaza choo?

Asubuhi moja jiwe liliporomoka ukutani likanibana paja. Wenzangu walilisukuma kwa mitalimbo, wakanitoa nikiwa hai. Nilidhani nimetoka kifungoni, kumbe naingia kingine.

Hospitalini daktari aliniambia, "Mfupa wa paja umevunjika. Tutauvuta kwa uzito mpaka uunge. Utalala chali wiki kadhaa." Walipitisha chuma chini ya goti, wakafunga kamba, uzito ukaning'inia mwisho wa kitanda. Nikawa wa kutazama dari.

Wodi ilijaa wanaume, vitanda vimekaribiana. Mke wangu, Mama Kulwa, aliponiletea bedipani, lile beseni bapa la kujisaidia kitandani, nilikataa. Jirani yangu anakula uji, halafu mimi nijisaidie pembeni yake? Nilijibana. Nikaanza kula kidogo makusudi, na maji nikayakwepa. Wala sikujua kwamba dawa kali za maumivu nazo hupunguza mwendo wa utumbo.

Tumbo likavimba, likawa gumu. Nikawa nacheua harufu mbaya, chakula nakiona kama adui. Mguu umevutwa kule, tumbo linanisukuma huku, siwezi kukaa wala kuchuchumaa. Shimoni niliweza kupiga kelele wenzangu wakasikia. Hapa nipige kelele niseme nini?

Kisha maji machafu yakaanza kunivuja yenyewe. Nikamnong'oneza Mama Kulwa, "Naharisha." Akaenda dukani akarudi na vidonge vya kuzuia kuhara. Wakati huohuo kaka yangu mkubwa akafika kutoka nyumbani na chupa ya mizizi iliyochemshwa, pamoja na kile kipira cha kupigia bomba, yaani kuingiza dawa kwa njia ya haja kubwa.

"Tunampiga bomba sasa hivi," alisema. "Sisi wote tumekua hivyo."

Nesi Restituta alikuwa anapita na dawa. Alisimama.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Naomba msimpe chochote kwanza. Baba Kulwa, mara ya mwisho umepata choo cha kawaida lini?"

Nilitazama dari. "Kabla sijavunjika."

Alileta pazia, akavaa glovu, akanipima kwa kidole huko nyuma. Niliuma shuka. Nesi mwenyewe alikuwa wa umri wa mdogo wangu wa mwisho.

"Huharishi," alisema taratibu. "Kinyesi kimekauka kimeziba. Hayo maji yanapenya pembeni tu. Vidonge hivi vitakufunga zaidi."

"Na dawa yangu?" kaka akauliza.

"Kaka, hata mimi nyumbani nilipigwa bomba. Lakini utumbo uliojaa hivi ukiuingizia dawa kali, unaweza kuungua, hata kutoboka."

Alimwita daktari. Daktari akanibonyeza tumbo, akasikiliza, akasema utumbo haujatoboka. "Tuanze na enema, bomba la hospitali. Ikishindikana, tutafikiria upasuaji."

Niliposikia neno upasuaji, nikakubali enema.

Nesi alinieleza kila hatua kabla ya kuigusa. Kwanza enema ya mafuta, kidogo tu, nijitahidi kuizuia ndani ili ilainishe. Baadaye enema ya kusafisha, maji ya uvuguvugu yenye chumvi iliyopimwa. Kwa kawaida mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto. Mimi sikuweza, kwa hiyo wakaninyanyua kiuno kidogo na kuweka mto, mguu ukabaki pale pale. Mpira mwembamba ukapakwa mafuta.

"Vuta pumzi kwa mdomo. Ukisikia maumivu makali, niambie nisimamishe."

Maji yalirudi matupu. Mama Kulwa akageuza uso asinionyeshe machozi. Siku ile nilijiona nimefukiwa, tena safari hii ndani ya mwili wangu mwenyewe.

Kesho yake walirudia mafuta. Nesi akakimegua kile kinyesi kwa kidole, polepole, huku ananiuliza habari za watoto wangu mapacha. Kisha maji tena. Tumbo likasokota, jasho likanitoka, na ghafla likafunguka. Nilijisaidia mpaka nikatetemeka. Harufu ilijaa wodi nzima.

"Nesi, nisamehe," nikasema.

"Usiombe msamaha, Baba Kulwa. Harufu hii tumeisubiri tangu jana."

Nyuma ya pazia jirani yangu wa uji akapaza sauti, "Hongera, mzee!" Wodi ikacheka. Na mimi nikacheka, machozi yanatiririka masikioni.

Sasa natembea, nachechemea kidogo. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Kulwa aliyemwaga na kusafisha bila kukunja uso, na mikono ya Nesi Restituta. Kaka yangu naye alinisindikiza kliniki mpaka mguu ulipokaa sawa.

Wewe uliyelazwa chali mahali fulani, kunywa maji kama daktari hajakukataza. Omba uwekewe pazia. Usijipige bomba la kubahatisha. Na nesi akikuuliza umepata choo lini, usitazame dari. Mjibu.