Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa na kompyuta ya mezani iliyozeeka kabla haijafika kwetu, nje kidogo ya mji wa Machakos. Niliitaka kwa kazi moja tu: kurekebisha picha ya baba. Ndiyo pekee aliyotuachia, na mchwa walikuwa wameila kuanzia shavuni hadi sikioni. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na alitaka kumwona mumewe mzima ukutani kabla hajaacha kuona kabisa.

Picha niliyoiingiza kwa skana ilikuwa kubwa, na kila hatua ya kuirekebisha ilichukua muda wa kuivisha muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Nikaamua kuikaza prosesa ikimbie kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani. Shida ni kwamba kwenye mashine za zamani ukikaza prosesa, memori nayo inalazimika kukimbia. Ikishindwa, kila kitu kinaganda na kazi yako inapotea.

Nikabeba kompyuta hadi kwa mfanyabiashara Msomali mjini, aliyeuza kompyuta za mitumba upande mmoja wa duka na ndoo za plastiki upande wa pili. Aliniwekea memori mbili kwenye kaunta. Moja ilikuwa kubwa, ya kasi ya mia. Nyingine ilikuwa nusu yake, ya mia na thelathini na tatu.

"Boss, chukua kubwa," alisema. "Hii iko na nafasi."

Nafasi ni ya nini kama haikimbii, nikamjibu, kwa kiburi cha mtu aliyesoma gazeti moja la kompyuta. Nilikataa hata kuziweka zote mbili, kwa sababu zikikaa pamoja ile ya polepole ndiyo inayoamua mwendo. Tukaijaribu ile ndogo palepale, kasha likiwa wazi, ikakimbia bila kukohoa.

Nyumbani ikaganda. Nilikuwa naianzisha kazi, naenda kunywesha ng'ombe, nikirudi nakuta kioo kimekufa na shavu la baba bado limeliwa. Nikaichomoa memori, nikaisugua kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Ikaganda tena. Nikabadilishiwa dukani, nayo ya pili ikaganda. Niliwaka. Nilimwita yule mtu tapeli mbele ya wateja wake, naye akanijibu kwa utulivu ulioniudhi zaidi.

"Hapa inafanya kazi. Uliza huko kwako."

Niliporudi kutoka kwa ng'ombe siku iliyofuata, nilikitoa kitambaa juu ya kompyuta ili nitazame kioo, na kitambaa kilikuwa moto kama shati lililotoka kwenye pasi. Kilikuwa cheupe, cha kufuma, kazi ya mama. Kwetu kila kitu kilikuwa na chake: viti, redio, hata thamosi ya chai. Kila siku nilikitoa na kukikunja, na sikuwahi kukiona. Kilishuka hadi nyuma, kikaziba feni.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe kwa vidole.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "ni wewe unafunika hii kitu ikifanya kazi?"

"Ni mimi. Wewe unaendanga kwa ng'ombe unaacha baba yako hapo ndani, na vumbi yote ya barabara inamwingia. Sasa nimwache tu hivyo?"

Hasira ilinitoka yote. Maelezo ya joto na feni nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza. Kesho yake nilirudi dukani nikachukua ile memori kubwa, ya polepole, na prosesa nikairudisha kwenye kasi yake ya kiwandani. Ilipata joto kidogo tu chini ya kitambaa, haikuganda tena. Kazi ilienda kwa mwendo wa konokono, nami nikaishi na hofu kwamba macho ya mama hayatangoja.

Yalingoja. Picha ilipotundikwa, alisogea hadi pua ikagusa kioo cha fremu, akaangalia shavu, akaangalia sikio, akacheka peke yake. Kisha akaniambia nimletee kitambaa.