Stent Yangu Iliziba Tena: Nilimwambia Mke Naenda Namanga, Kumbe Niko Porini Nakunywa Mafuta ya Kondoo

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Vijana, marahaba, nimepokea kabla hamjatoa.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siyo rafiki yangu wala jirani. Elimu ya kutunga sina. Niliishia darasa la nne, na kuandika kwenye simu nimefundishwa na binti yangu Neema, kwa hiyo herufi ikikaa vibaya mvumilie.

Mwaka 1984, nikiwa na miaka kumi na sita, baba alifariki. Nikabaki na mama na wadogo watano kule Akheri. Sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni. Nikawa nabeba ndizi kichwani kushuka nazo mjini kila siku ya soko.

Biashara zilipofunguliwa mitumba ikaingia, na mimi nikaingia nayo. Baadaye spea za magari. Kizungu sijui, lakini nitajie gari nikutajie bearing yake.

Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivi mjue kiburi changu kilitoka wapi, maana ndicho kilichonirudisha kwenye kitanda cha hospitali mara ya pili.

Twende.

Kisukari ninacho tangu nina miaka arobaini na kitu. Nilipofika hamsini na mbili, kifua kikaanza kubana. Hospitali moja kubwa Dar wakakuta mshipa mmoja wa moyo umesinyaa. Wakapitisha waya mkononi, wakaweka stent. Kwa asiyejua, ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa usijifunge.

Kesho yake natembea. Nikapewa mfuko wa dawa: za sukari, za mafuta kwenye damu, za kuzuia damu isigande. Nikaambiwa nisiache hata siku moja.

Mimi nikaona gari limebadilishwa kifaa, kazi imeisha.

Hapo ndipo akaja Lembris. Ni Mwarusha, tuliuza mitumba meza moja ujanani. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Mbona umekuwa kama mbuzi wa kiangazi? Hospitali wamekunyonya. Njoo orpul."

Kwa asiye wa huku: orpul ni wanaume kwenda porini, wanachinja, wanakaa siku kadhaa wakila nyama na supu ya mizizi mpaka mwili urudi. Mwanamke hafiki huko. Ni desturi ya heshima, siitukani. Na mimi Mmeru kualikwa na Waarusha, siyo jambo dogo.

Tatizo ni mke wangu, Mama Neema. Mchaga wa Machame, mwimba kwaya, mkali. Dawa zangu anazihesabu kama sadaka ya Jumapili. Nikamwambia naenda Namanga kufuata mzigo wa spea.

Siku nane wakuu! Nyama, supu chungu, na kila asubuhi kikombe cha mafuta ya kondoo, ya moto, unameza bila kupumua. Nilipotoa vidonge vyangu Lembris akacheka.

"Hivyo na mizizi havikai tumbo moja. Chagua."

Nikachagua mizizi.

Nikarudi uso umejaa, nang'aa. Mama Neema akasema, "Namanga wanakulisha vizuri."

Na kwa vile nilijisikia vizuri, vidonge sikuvirudia. Kila asubuhi naweka mdomoni mbele yake, nasukumia shavuni, natoka nje natema kwenye migomba. Ile migomba haitakaa iugue moyo.

Kliniki nilikuwa naenda nikiwa nimekula mchicha tu siku mbili. Sukari inasoma vizuri, nasifiwa, narudi zangu.

Miezi saba hivi.

Sasa pale Akheri, kutoka barabarani kwenda shambani kwangu ni mlima. Siku moja katikati ya mlima kifua kikabana, palepale pa zamani. Nikasimama. Lakini mtu kama mimi niheme njiani watu wanaona? Nikajifanya naangalia kahawa ya jirani yangu, Mzee Elifasi. Kikaachia, nikaendelea. Kesho yake hivyohivyo.

Wiki ya pili Elifasi akatoka.

"Baba Neema, naona unaliangalia sana shamba langu. Siuzi."

"Naangalia tu, mzee."

"Angalia. Lakini siuzi."

Aliyenikamata ni Mama Neema. Tulikuwa tunapanda wote, nikasimama, nikaanza kusifia kahawa. Akaliona jasho.

"Tangu lini unapenda kahawa ya Elifasi? Ni kifua?"

Kesho yake tulikuwa kwenye basi la Dar.

Daktari wa moyo alikuwa binti sawa na Neema wangu. Shikamoo yake ya adabu kabisa, maswali yake ya polisi.

"Dawa unameza kila siku, mzee?"

"Kila siku. Muulize mama."

"Anameza, namwona kwa macho yangu," Mama Neema akanitetea, masikini.

Daktari akageuza karatasi. "Hiki kipimo kinaonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, siyo ya leo. Mzee wangu, damu yako haikubaliani na wewe."

Nikakohoa.

"Siulizi nikuaibishe," akasema. "Nataka kujua stent imeziba ukiwa kwenye dawa au umeziacha. Ukinidanganya, nitakuwa natibu mtu mwingine. Sasa tunapiga picha ya mishipa. Ukiwa umeziba mmoja tu, tunaweza kupitisha puto lenye dawa. Ikiwa mitatu, kwa mwenye kisukari mara nyingi kupasua kifua ndiyo njia nzuri zaidi."

Kupasua kifua! Hapo nikasema yote. Mizizi, mafuta ya kondoo, migomba.

"Kwa hiyo Namanga..." Mama Neema akaanza.

"Sikufika."

"Na mzigo wa spea?"

"Haukuwepo."

"Na mimi nilikufungia maandazi ya safari!"

Daktari akainamia karatasi zake, mabega yanatikisika. Alipomaliza kucheka akanieleza bila kuzunguka. Stent haichomolewi. Ndani yake huwa inaota nyama, kama kovu, na wenye kisukari yanawapata zaidi hata wakimeza dawa vizuri, sembuse anayezitemea migomba. Na kwa kuacha zile za damu ningeweza kuanguka ghafla hukohuko porini nisiamke.

Nikamwelewa. Mfereji wetu Akheri tuliusakafia kwa saruji, tukaacha kuusafisha, na majani yakaota humohumo.

Siku ya kipimo nimelala macho wazi, waya umepita kwenye kifundo cha mkono, skrini pembeni. Nasubiri neno moja tu: mmoja au mitatu.

"Ni mmoja, mzee. Pale pale kwenye stent."

Machozi yakanitoka. Nikasingizia baridi ya kile chumba.

Wakapanua njia, kisha likapita puto lenye dawa. Wakalijaza, kifua kikabana kama nimekaliwa na ng'ombe. "Vumilia, dawa inaingia kwenye ukuta wa mshipa," akasema. Wakalitoa. Chuma kipya hakikuwekwa, kifua hakikupasuliwa.

Lembris alikuja kuniona. Nikamwambia orpul nitakuja tena, ila na vidonge vyangu, na nyama isiyo na mafuta.

"Hiyo siyo orpul," akasema. "Hiyo ni kliniki."

Nilichojifunza wakuu: kujisikia vizuri siyo kupona, na daktari usimfiche unachokula wala unachotema. Mimi siyo daktari, yenu yapelekeni kwa daktari wenu.

Mwenye stent na sukari aje hapa tuongee. Na wewe unayetema vidonge kwa siri, najua upo. Sema, hakuna atakayekucheka zaidi yangu.

Kuna watakaouliza mzee ana nini leo. Nyumba Engutoto. Duka la spea. Fuso moja. Shamba la mahindi Kikwe, la migomba Akheri. Ng'ombe watano. Stent moja. Kopo la dawa lenye vyumba saba. Na Mama Neema, anayenifumbua mdomo kila asubuhi na kumulika kwa tochi.

Wiki iliyopita nimepanda mlima bila kusimama. Elifasi akanifuata mpaka njiani.

"Baba Neema, mbona siku hizi unapita tu? Nilikuwa nimeanza kufikiria bei."