Zabibu za Bibi Paskalina

Niliondoka Kihonda, Morogoro, kwa sababu ya pipa moja. Katika kiwanda chetu kidogo nilikuwa nimepika bia chachu kwa makusudi, wenzangu wakacheka wakisema imeharibika. Mama Neema, mwenye kiwanda, alinipa nafasi ya mwisho: niongeze tunda ili ikubalike, la sivyo anaimwaga. Zabibu za Dodoma kila mtu anazijua. Mimi nilisikia kwamba Mgeta kuna mzabibu wa zamani, mweusi, mkali, usiojulikana hata jina.

Saa kumi na mbili asubuhi nikawasha pikipiki, chupa ya bia ile ikiwa begini. Baada ya Mzumbe lami iliisha, baridi ikaanza kuuma vidole, na kila kona nikaona matuta ya kabichi ubavuni mwa mlima.

Saa nne nilifika Mgeta. Mzee Aloisi, niliyekubaliana naye kwa simu, alinikaribisha vizuri. Nikampa sukari, nikashika ndoo, nikaanza kuchuma.

"We kijana, nani kakuruhusu?" Alikuwa mkewe, Bibi Paskalina, jembe begani.

"Shikamoo Bibi. Nimeongea na Mzee."

"Marahaba. Mzee kaja hapa kuoa. Shamba hili la mama yangu, na mzabibu kaupanda mama mwenyewe."

Mzee akatazama viatu vyake. Nimekulia Morogoro, najua fika kwamba Waluguru hurithi ardhi kwa ukoo wa mama, na bado nikamwomba mwanamume! Kuuliza si ujinga, ila mimi nilimuuliza asiyehusika. Nikaweka ndoo chini, nikaomba upya, nikimweleza habari za pipa na chupa iliyo begini.

"Nionjeshe kwanza hiyo bia."

Bibi amepika pombe tangu usichana wake. Alionja, akafumba jicho moja. "Haijaharibika. Ina njaa tu. Chuma, ila chupa ya kwanza yangu."

Wiki sita baadaye, Kihonda, Mama Neema alionja bia nyekundu, akajaza tena glasi. Pipa limepona! Wale waliocheka walipanga foleni, nami nilishangilia mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake nilirudi Mgeta na chupa ya kwanza begini. Safari hii nilimwamkia Mzee, nikapita moja kwa moja hadi kwa Bibi. Alikunywa taratibu, kisha akawaita dada zake walio shamba la chini.

"Njooni! Njooni muonje mzabibu wa mama!"

Walikuja watatu, vigelegele vikapanda mlimani. Mzee Aloisi akanyoosha kikombe.

"Subiri," Bibi akamwambia. "Waanze wenye shamba."

Nikakaa kando ya Mzee kwenye gogo, tukangoja zamu yetu, na sijawahi kungoja kwa furaha namna ile.