Mtoto Hasemwi Uzito

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye basi nikirudi Tanga na mzigo wangu wa khanga kutoka Dar. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Tulipokaribia mizani ya barabarani, ile wanayopimia magari, kondakta akapiga makofi: "Jamani, wa nyuma sogeeni mbele kidogo, tairi za nyuma zinazidi!" Watu wakainuka wakicheka, wakabanana pale mbele, basi likapimwa likapita, nao wakarudi kukaa. Mimi sikuinuka. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, inuka basi, tusije tukazuiwa hapa." Nikamjibu jibu la hovyo, na sikuwa nimempa hata shikamoo. Naona haya mpaka leo. Lakini ndivyo nilivyo, rafiki yangu, likija suala la mizani adabu yote hunitoka.

Nazichukia mizani. Usinicheke. Namchukia mwenye bucha anayeitupa nyama kwenye sahani kwa kishindo, mshale unaruka, naye anaiondoa kabla haujatulia. Nakichukia kile kimizani cha sonara, kidogo cha kuenea kiganjani, kilichosema vipuli vya shangazi yangu ni vyepesi kuliko siku alipovinunua kwa sonara huyohuyo. Siku hizi kuna na mizani zinazosema. Zinasukumwa stendi zikipaza sauti, karibu upime uzito, karibu upime urefu, na watu wazima na akili zao wanavua viatu ili mashine iwatangazie unene wao mbele za watu. Ya mkonge, ya korosho, ya mabegi uwanja wa ndege, kwangu zote ni ukoo mmoja. Ndiyo maana nauza khanga. Khanga ni doti, haina kilo.

Chuki hii niliipata Mwera, nyumbani kwa bibi mzaa mama, tulikoishi mimi na mama baada ya baba kwenda zake. Bibi alikuwa na minazi yake na aliishi kwa mbata, nazi iliyokaushwa ya kuuza. Ukiamka alfajiri unamsikia nyuma ya nyumba anafua nazi kwenye kifuo, kile chuma kilichochomekwa ardhini, makumbi yakichanika kraa, kraa, mwanamke mwembamba vile. Nazi zikishapasuliwa zilipangwa juu ya kichanja, chini yake moto wa makumbi, na moshi wake mtamu wenye mafuta uliingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye muhogo tuliokula. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru na kuku, na wingu likitokea kupiga kelele watu waje kuanua. Nililipenda jua la mahali pale. Nakiri hilo, maana nisije nikaonekana sina moyo.

Kisha anakuja mnunuzi. Alikuwa na mizani ya saa, ile ya duara yenye mshale na kulabu, akiitundika kwenye tawi la mkorosho. Jitu nene lenye heshima za kupaka. Angewaamkia wazee wote shikamoo, angeuliza habari za wajukuu mmoja mmoja, na huku goti lake lipo chini ya gunia, linalisukuma juu. Ukimwona, anacheka. Goti likishindwa, anakata kilo za "unyevu", hata mbata iwe imekauka mpaka inalia ukiigonga. Hakuna aliyemfukuza, kwa kuwa hakukuwa na mwingine.

Bibi hakuwa mtu wa kulialia. "Dawa ya moto ni moto," alisema, na katikati ya kila gunia aliweka jiwe. Si yeye tu, nyumba zote zilifanya hivyo. Sisi watoto tulitumwa ufukweni kutafuta mawe ya tumbawe, meupe, ya ukubwa wa kifuu, ambayo ukiyatia ndani ya mbata hayajitangazi. Nilikuwa hodari wa kuyachagua. Majirani walinisifu, walisema nina jicho. Kwa hiyo tulikua tukijua jambo moja: mizani ni ya mwizi, na mwenye akili huiwahi.

Nilipofika miaka tisa, mama alijifungua mtoto wa kiume, mimba aliyoachiwa na baba. Alizaliwa mdogo, na macho makubwa kama mtu aliyeshtushwa. Bibi alimfunga hirizi kiunoni, kijimfuko cha ngozi kwenye uzi mweusi, akatupa amri moja nyumbani. Mtoto hasemwi uzito. Ukimbeba usiseme amekuwa mzito, hasidi atasikia; usiseme amekuwa mwepesi, kwa maana hilo ni kumwitia mauti. Sema mashaallah, unyamaze. Wa pwani mnaijua amri hii, mmekua nayo.

Lakini zahanati ilitaka uzito. Kila mwezi mama alimpeleka, nami nikifuatana naye kubeba mwavuli. Na unadhani huko tulikuta nini? Mizani ya saa, ileile, duara lilelile, kulabu ileile, imetundikwa kwenye boriti la kibaraza. Mtoto anavuliwa nguo zote, anatiwa kwenye kisuruali cha turubai, ananing'inia akipiga mateke mbele ya wanawake wote. Nesi alikuwa Mlutheri wa kutoka milimani, msafi, mchapakazi, na ulimi wake haukuwa na kifuniko. Alisoma kilo kwa sauti, akatia nukta kwenye kadi. Ukiwa kwenye kijani, anakusifu. Mama alikuwa anateremka kuelekea nyekundu. "Wewe mama, huyu unamlisha nini, upepo?" Wanawake waligeuza shingo. Mama alilia njia nzima, na mimi nilimchukia yule nesi kwa chuki ambayo sijawahi kumpa mtu mwingine.

Bibi aliposikia alitema mate. Kwake hapakuwa na la kujadili. Mizani ni ile, basi na mwizi ni yule, tofauti ni gauni jeupe tu. "Hawatatuaibisha kwa mjukuu wangu," alisema. Akanituma kwa wavuvi nikaombe chubwi, vile vipande vya risasi wanavyofunga kwenye mishipi ili izame. Nikachagua vizuri, si nina jicho? Bibi akafumua hirizi, akatia chubwi mbili, akashona upya kwa uzi uleule. Nesi alikwisha kugombana na wanawake wa kijijini juu ya hirizi akashindwa, akaapa hatazigusa tena. Alivua kila kitu, hirizi akaiacha.

Mwezi ule nukta ilipanda. Mwezi uliofuata bibi aliongeza chubwi, na uliofuata akaongeza tena. Nesi akamshika mama mkono. "Safi sana, mama. Mnaona wenzenu?" Wanawake wakapiga makofi, kweli, wakampigia makofi mama yangu. Watoto wa kwenye nyekundu walipewa unga wa lishe na barua ya kwenda hospitali ya Pangani. Sisi tulipewa sifa. Tuliporudi bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga, akapika mkate wa kumimina siku hiyo, na iliki nyingi.

Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mchana, mama akiwa kazini kwenye kichanja. Mgongo wa mtoto wa miaka tisa unajua kilichomo ndani ya mbeleko. Mwanzo nilikuwa nikichoka nikifika kisimani. Baadaye nikawa sichoki. Mwishowe nilikuwa nikimgusa kwa mkono nyuma kuhakikisha kwamba yumo. Jioni moja nikasema, "Bibi, mtoto amekuwa mwepesi." Alinifinya paja mpaka ngozi ikavilia. "Nimekwambiaje? Nimekwambiaje wee mwana? Mtoto hasemwi!" Sikusema tena. Na hilo ndilo ninalomdai bibi yangu, Mungu amrehemu, nami nitamdai mpaka tukutane.

Homa ilimkuta akiwa hana kitu cha kupigania. Tulimpeleka Pangani nyuma ya pikapu iliyopakia nazi. Daktari alisoma kadi, akamtazama mtoto, akasoma kadi tena. Akamvua mwenyewe, na hirizi akaikata kwa mkasi bila kuuliza mtu. Alipoiweka mezani ilitoa mlio wa chuma. Hakugomba. Ningependa angegomba. Alisema tu, "Huyu angeletwa miezi mitatu nyuma." Ndugu yangu alikufa siku ya pili, adhana ya alasiri ikilia.

Nimekuwa mtu mzima nikazitukana mizani zote za dunia, na ukweli unanikaa kooni. Katika maisha yetu pale Mwera tulipimwa na mizani moja tu isiyokuwa na sababu ya kutuibia, na hiyo ndiyo tuliyoidanganya.

Siku mbili baada ya safari ile ya basi nilikwenda kumwona mama. Mwera ninayokusimulia haipo. Minazi ya bibi imebaki vigogo, mbata hakuna anayekausha, mnunuzi alikwisha kufa tajiri, na watoto wa pale hawajui kifuo ni nini. Moshi ule sijaunusa tena popote, na nitasema wazi kwamba naukosa, pamoja na yote. Mama anaona kwa shida sasa. Tulikaa barazani nikimchambulia mchele, akasema ghafla, bila kumtaja mtu, "Nilipokuwa nikimnyonyesha, mkono wangu ulikuwa hauchoki."

Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Nilihisi hasira inapanda mpaka masikioni. Nikamwambia, "Nilijua, mama. Nilikuwa nambeba."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilimwambia bibi, akanifinya."

Mama alinyoosha mkono akapapasa mpaka akalipata goti langu.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilikusikia, nikaendelea kukuna."